Migongo Miwili

"Elda mwenzangu, hii bahari utaishindilia mawe mpaka lini?"

Jirani yake, Lifia, alimwuliza hivyo mwaka ule mawimbi yalipomega kisiwa, alipomkuta akipakua matumbawe kutoka kwenye chelezo cha magogo.

"Mpaka ichoke," Elda akamjibu, akaendelea kupakua.

Kwenye wangwa wa Lau, penye bahari ya kina kifupi ndani ya mwamba, kisiwa hakizaliwi, hupangwa. Mababu walibeba mawe mwambani, wakayarundika majini, wakainua nyumba juu yake. Na desturi ni moja: aliyepanga mawe ndiye mwenye mahali. Elda na marehemu mumewe waliipanga pembe yao ya kisiwa tangu walipooana. Mtoto Mungu hakuwajalia.

Sasa shemeji yake, Irofiala, alikuwa amewaita wazee na Elda nyumbani kwake. Ukuta wa mawe wa upande wake wa kisiwa ulikuwa umeporomoka, naye alitaka mawe ya pembe ya Elda yakauzibe.

"Shemeji, wewe huna mwana," alisema. "Nenda bara kwa ndugu zako. Kuna kilima, kuna viazi. Mjane na bahari, wapi na wapi?"

Wazee wakacheka chinichini.

"Na mawe yangu?"

"Mawe ya kaka yangu hayo."

"Kaka yako alikuwa na migongo miwili? Basi mmoja ulikuwa huu wangu."

"Mwanamke hapangi kisiwa!"

"Ndiyo maana kwako kumebomoka, shemeji. Kulingoja mwanamume, na mwanamume wa pale ni wewe."

Mzee Toata, mkubwa wao, akakohoa kuficha kicheko. Irofiala akavimba.

"Kesho vijana watakuja kuyang'oa!"

"Waje. Watanikuta nimekaa juu yake nasali. Mungu alitenga maji na nchi kavu, sisi watu wa Lau akatubakizia kipande tumalizie. Kazi aliyonipa Yeye siiachi kwa kutishwa na wewe."

Toata akamgeukia mwenye nyumba. "Irofiala, hebu tuambie. Tangu mwaka ule wa mawimbi, wewe umeongeza jiwe lipi?"

Irofiala akautazama mkeka.

Chini ya sakafu maji yalianza kugonga nguzo. Bahari ilikuwa imejaa. Chelezo cha Elda sasa kingeelea mpaka kwenye pembe yake, na mawe aliyoyachagua asubuhi bado yalikuwa juu yake. Elda akakaza kitambaa chake kichwani, akawapita wazee kwa adabu, akatoka kwenda kuyapanga.