Siku ya Arobaini na Moja

Kilichomtafuna Verla Hofstad kuliko kifo chenyewe ni kwamba alifurahi. Wiki ile mwanawe Colton, mwenye miaka kumi na saba, alimpa binamu yake fimbo ya kuvulia samaki, akampa jirani viatu vyake vipya vya theluji, akafagia chumba mpaka chini ya kitanda. Verla alikuwa mpishi wa shule, na siku hizo alipakua viazi huku akijigamba kwa wenzake: "Mwanangu amekua, jamani! Hata kuoga simkumbushi." Ijumaa akampikia keki ya karoti aipendayo. Jumamosi Colton akajiua.

Baada ya mazishi mwalimu mmoja alimjia akilia. Akamwambia kwamba mtoto akianza kugawa vitu anavyovipenda, hiyo ni dalili. Walimu hufundishwa hayo. Sheria ya jimbo inawalazimisha.

"Na sisi wa jikoni?" Verla akauliza.

"Sheria imetaja walimu tu, Verla."

Lakini nani huona sinia likirudi chakula hakijaguswa? Mpishi. Nani huona mtoto aliyehama viti vya wenzake akakaa peke yake nyuma? Dereva wa basi. Wenye macho hawakufundishwa kuona.

Mbunge wao katika bunge la jimbo akaandika muswada mfupi: kila mfanyakazi wa shule afundishwe dalili, awe mpishi, awe dereva. Verla aliushika muswada ule kama anayezama anavyoshika jani. Asubuhi ya Februari kamati ilipokaa kuujadili, aliondoka gizani na Duane Hauck, dereva wa basi la shule, maili mia na sitini juu ya barafu. Nyumbani alimwacha binti yake Kendra, mwenye miaka kumi na tatu, ambaye tangu kaka yake afe maneno yake yalikuwa ya kuhesabika.

"Wakikataa je, mama?"

"Hawatakataa. Nimekuahidi."

Njiani Duane alijaribu kumchangamsha. "Ukikanyaga tena hiyo breki isiyokuwepo utatoboa sakafu ya gari langu."

"Endesha, mzee. Wewe mwenyewe basi lako hulitia mtaroni kila Desemba."

"Mara moja tu! Na ng'ombe ndiye mwenye makosa."

Kwenye kamati alitangulia daktari. Alisema jambo ambalo Verla alilikariri papo hapo: ukimshuku mtu, muulize waziwazi kama anawaza kujiua, kumuuliza hakumtii wazo ambalo hana. Kisha mwenyekiti akamgeukia Verla. "Karibu, mama. Una dakika mbili."

Dakika mbili. Alisema juu ya fimbo, viatu, keki. Taa nyekundu ikawaka akiwa bado kwenye keki.

Akasimama mwanamke aliyetumwa na bodi za shule. "Sote tunalia na mama Hofstad. Lakini shule ndogo zimeelemewa. Tusiziongezee mzigo kwa sheria." Mbunge mmoja akatoa hoja kwamba muswada uahirishwe mpaka siku ya arobaini na moja ya kikao cha bunge. Watano wakasema ndiyo, wawili hapana.

"Asante kwa kuja, mama," mwenyekiti akasema kwa upole. "Barabara inateleza, mwende taratibu."

Verla alitoka uso umekunjuka. Ndani ya gari alihesabu kwa vidole. "Leo bunge liko siku ya ishirini na mbili. Zimebaki kumi na tisa! Safari ijayo nitaanzia kwenye keki, fimbo baadaye. Nawe uombe ruhusa mapema, usije ukaniletea hadithi za ng'ombe."

Duane hakucheka. Baada ya maili thelathini, waliposimama kujaza mafuta alizima gari, lakini hakushuka.

"Verla. Bunge letu halikai zaidi ya siku arobaini."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hiyo ya arobaini na moja haipo. Haijawahi kuwepo. Ndivyo wanavyozika muswada."

Verla alitazama vidole vyake, bado vimenyooka. "Mbona hukuniambia pale pale?"

"Ulikuwa unacheka. Tangu msiba sijakuona ukicheka."

Alifika nyumbani saa tisa alasiri. Kendra alikuwa chumbani, mlango wazi, amelala na viatu, anatazama dari.

"Wamekubali?"

"Wameukataa, mwanangu. Kwa adabu, lakini wameukataa."

Kendra akageukia ukutani. "Nilijua tu. Hakuna anayejali."

Basi lile jambo la daktari likamrudia Verla. Aliogopa. Aliogopa jibu kuliko alivyowahi kuogopa kitu. Akaketi sakafuni na koti lake, akauliza waziwazi.

"Kendra, unawaza kujiua?"

Msichana akakwaruza ukuta kwa ukucha.

"Kuna siku nawaza," akasema. "Usimwambie mtu."

Neno la kuuliza Verla alikuwa amepewa. La kufuata baada ya jibu hakulijua, na aliowaomba wamfundishe walikuwa wamemtakia safari njema. Alimshika binti mguu, kiatu na vyote.

"Nitasema," akasema, sauti ikimkatika. "Nitamwambia daktari leo hii. Nitamwambia na Duane. Nikiificha hii nitakupoteza. Nichukie ukitaka."

"Nakuchukia!" Kendra akapiga kelele, akilia.

"Sawa. Nichukie. Mimi hapa siondoki."

Akatoa simu kwa mkono mmoja, ule mwingine haukuuachia mguu. Simu ya zahanati ikaita, ikaita. Sauti ya mashine ikamwambia asubiri, kuna watu mbele yake. Akasubiri. Kendra alikuwa akivuta mguu, na Verla akazidi kuushika.