Watu Mia Tatu wa Kingi

Penye wengi hapaharibiki neno. Kwetu mtu haaminiwi kwa kusema vizuri, anaaminiwa wengine wakisema kama yeye. Ndiyo maana baba yangu, Papa Polycarpe, alikufa, na mimi ndiye niliyemsomea.

Tulikuwa mwaka wa pili tangu tukimbie vita na kuja Kibua, tunalala nyumba ya watu, tunalima shamba la watu. Kila jioni nilimsomea baba ukurasa wa kijiji chetu, Kingi, kwenye simu. Zamani walikuwa wanaandika watu kumi na wawili, wote tunawajua. Ghafla wakawa mia tatu, na wote walisema jambo moja: amani imerudi, njia ni salama, rudini mashambani. Mmoja aliandika kwamba wanavuna maharagwe, na ilikuwa Aprili, maharagwe bado machanga.

"Mu mwezi wa ine?" baba akauliza. "Nani anavuna maharagi mu mwezi wa ine? Ule iko mutoto wa nani?"

Nilimwandikia yule mtu: wewe ni mtoto wa nani, wa kilima gani? Akanijibu kwa picha ya moyo. Hata mjinga angeshtuka. Nilishtuka, lakini nilikuwa nimechoka kuomba chumvi kwa mwenye nyumba.

"Labda iko mbegu ya mupya, Papa," nikasema.

Akafikiri kidogo. "Sawa. Muntu moja anaweza kudanganya. Mia tatu, hapana."

Aliondoka Jumatatu na jembe lake, atangulie kulima, sisi tumfuate. Wiki iliyofuata Séraphin, jirani yetu wa zamani, akapiga simu kutoka msituni alikojificha. Kingi haina mtu. Baba amepigwa risasi shambani kwake, na bado amelala pale pale.

Wale mia tatu si watu. Ni majina tu, yanaendeshwa na mtu nisiyemjua, kwa faida nisiyoijua. Namlaani hata hivyo. Najilaani na mimi.

Mama hakulia kwanza. Alinishika mkono wenye simu.

"Astrid, uandikie wale bantu. Wako mingi. Uwaambie wane tu waende kumuzika Papa yako."

Nilishindwa kumweleza. Nikaandika, yeye akiangalia. Majibu yakaanza kuingia palepale, ishirini, arobaini, yote ya amani na njia salama. Mama akasogea karibu.

"Wanasema nini?"

Nikamwambia wamekubali, wanaenda na majembe.