Viti vya Mnufaika

Jina lake ni Ikupa, lakini Iyula nzima ilikuwa imelisahau. Tangu alipoandikishwa kwenye mpango wa kusaidia kaya maskini, wakamwita Mnufaika. Mwenyekiti wa kijiji, Gwamaka, ndiye aliyelileta neno hilo mkutanoni, akalieleza vizuri: mnufaika ni mtu anayepata manufaa. Manufaa gani, jamani? Ruzuku ikija ilinunua dawa za presha za mumewe Ezron, aliyepooza upande mmoja, na ikibaki, chumvi. Kisimani wanawake walilitafuna neno lile kwa raha zao. "Mnufaika kajipaka mafuta leo!" Ikupa alicheka nao, kisha akalia njiani na ndoo kichwani.

Mwaka huu ikatangazwa kwamba maofisa watapita nyumba kwa nyumba kuhakiki nani bado anastahili. Mwenye akili angeiacha nyumba ilivyo. Ikupa akasiliba kuta kwa udongo mweupe, akachinja jogoo wake wa pekee, akaenda kwa jirani yake Teresia kuazima makochi na vitambaa vyake vya kufuma.

"Dada, hao hawaji kula," Teresia alimwambia. "Wanakuja kutazama."

"Mgeni wa wilayani nimkalishe kwenye kigoda kilichovunjika mguu? Mama yangu hakunilea hivyo."

Teresia akaguna, akamsaidia kubeba.

Ofisa aliyekuja alikuwa mama mpole, Edina. Alikula, akanawa, akashukuru. Kisha akatoa kishikwambi chake na kutazama sebule.

"Bibi, viti hivi ni vya kwenu?"

Swali lilikuwa jepesi. Teresia, aliyesimama mlangoni, alimtikisia kichwa akatae. Lakini chumba cha pili Ezron alikuwa kitandani akisikiliza, Ezron aliyewahi kuvuna kahawa ya magunia kabla hajaanguka. Ikupa akaona aibu. Miaka minne amekuwa maskini wa kijiji kizima. Leo tu, mbele ya mgeni, alitaka kuwa mwenye nyumba.

"Vya kwetu," akasema.

Edina akabonyeza kishikwambi. Teresia akajiziba mdomo.

Baada ya miezi miwili majina yalisomwa ofisi ya kijiji, na la Ikupa halikuwemo. Alieleza kwamba viti vilirudi kwa mwenyewe jioni ile ile. Gwamaka akamjibu taratibu kwamba maneno yake mwenyewe ndiyo yaliyoandikwa, na yeye hana uwezo wa kuyafuta. Kwenye kopo la Ezron vidonge vilibaki vitatu. Ikupa alijichukia, akauchukia na ule udongo mweupe uliokuwa bado unang'aa ukutani kwake.

Akapita kisimani ameinamisha kichwa.

"Mnufaika!" wanawake wakamwita. "Mbona mapema hivyo? Hela zimeshatoka?"

Angewaambia nini? Ruzuku wameichukua, jina wamemwachia.

"Abee," akaitika, akaendelea kupanda kilima kwenda kumwambia Ezron.