Mwezi Unaoteleza

Skrubu ya tatu iligoma kuingia. Fundi aliitoa, akaipuliza, akaipaka grisi kidogo kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, akairudisha kwenye tundu lake kwa upole wa mtu anayemlaza mtoto mchanga. Ikaingia. Akakaza. Akakaza tena. Kisha akaongeza ule mzunguko mmoja wa mwisho ambao mafundi wote huuongeza, na ambao ndio huvunja vitu vya watu.

Darubini ilisimama katikati ya ua juu ya stendi ya miguu mitatu, imekazwa kiasi kwamba nzi akitua juu yake angeumia miguu. Ilikuwa saa kumi alasiri na mwezi ulikuwa umeshatoka, nusu yake, mweupe kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa, juu ya nguo zilizoanikwa.

Jambo hilo lenyewe lilikuwa jipya kwake. Kwa zaidi ya miaka hamsini alikuwa ameishi chini ya mwezi huohuo akiwa na hakika kwamba jua ni la mchana na mwezi ni wa usiku, kila mmoja na zamu yake, kama walinzi wa benki. Wiki hii tu ndipo alipogundua kwamba mwezi haujui zamu. Hutoka mchana kweupe, na watu hupita chini yake wakitafuta funguo zao. Hakumwambia mtu. Kuna elimu ambayo mtu akiipata amechelewa, heri ainyamazie.

Aliinama, akafumba jicho la kushoto, akaupata mwezi. Ukajaa ndani ya kioo na mashimo yake, na vilima vyake vyenye vivuli. Fundi akabana pumzi. Hakuigusa darubini. Hakuigusa stendi. Na mwezi, taratibu, kama mteja anayeondoka kabla ya kutajiwa bei, ukaanza kusogea pembeni. Ukafika ukingoni. Ukatoka. Kioo kikabaki na buluu tupu.

"Imeteleza tena," alisema.

"Pole yake," mke wake alijibu kutoka kwenye kamba ya nguo, akikunja shuka. "Mimi naona mwezi unakukimbia wewe. Nao una macho, baba watoto."

Fundi akachukua bisibisi.

Ili kuelewa kwa nini mtu mzima, mwenye karakana yake ya kutengeneza feni, mizani na saa, alikuwa anapigana na miguu mitatu ya chuma, ni lazima kwanza kumjua mama mkwe wake. Mama huyo alikuwa mtunza stoo wa shule hadi alipostaafu. Wenzake wote walipostaafu walipewa saa za ukutani. Yeye alipewa darubini, kwa kuwa saa zilikuwa zimekwisha na darubini ilikuwa mbovu. Walimu walikuwa wamesema stendi yake inateleza, haishiki kitu, wakairudisha kabatini. Miaka yote hiyo yeye ndiye aliyeipangusa vumbi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia, hebu nawe mama chungulia. Sasa ilikuwa mali yake, na alitaka kuchungulia.

"Mkwe wangu," alikuwa amemwambia alipokuja kukaa nao kwa muda, "ukipata nafasi. Usijisumbue lakini."

Tangu siku hiyo fundi hakulala vizuri.

Kwa maana mama mkwe huyu alikuwa na adabu, na adabu yake ilikuwa na makali. Mwaka ule wa harusi, fundi alimtengenezea pasi, na pasi ikatoboa gauni lake jipya mgongoni. "Ahsante, mkwe wangu," alisema, "moto inao." Baadaye alimtengenezea redio, nayo ikawa inashika stesheni moja tu, tena saa ya matangazo ya vifo. "Ahsante sana. Angalau najua nani ametangulia." Tusi mtu hulijibu. Ahsante ya namna hiyo hujibiwaje? Fundi aliipokea kwa mikono miwili, kama ada inavyotaka, na ikamchoma mikono yote miwili.

Watoto wake wa kuwazaa, kwa upande mwingine, mama aliwafokea asubuhi, mchana na jioni, na wala hawakukonda. Fundi aliwaangalia kama mtu aliye nje anavyoangalia kupitia dirishani watu wakila. Alitaka jambo moja tu: kabla hajaondoka, mama apate kutoka kwa mkwe wake kitu kimoja kinachofanya kazi, amwangalie kama mtu wa nyumbani.

Na kuondoka kwenyewe kulikuwa keshokutwa. Mwanawe wa kiume, shemeji yake fundi, alikuwa amekuja kupanga safari ya kumhamishia kwake. Shemeji alikuwa dereva wa gari la maiti, mtu mchangamfu kuliko madereva wote wa mabasi.

"Shem! Bado unapigana na hicho kiunzi?" aliingia akipiga kelele. "Njoo kwenye kazi yangu bwana. Mimi tangu nianze, hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika."

"Wewe!" sauti ya mama ilitoka ndani kama jiwe. "Viatu! Umetoka makaburini unaingia kwa watu na tope? Kichwa kama ndoo!"

Shemeji akavua viatu, akicheka, amefurahi. Fundi akamwonea wivu waziwazi.

Mama akatoka na kanga yake begani, akakaa kwenye kigoda. Alimtazama fundi, akatazama stendi, na uso wake ukavaa adabu.

"Mkwe wangu, pole na kazi."

"Nimeshapoa, mama. Imebaki kidogo."

"Mama, kuna jamaa mtaa wa pili anachomelea," shemeji alisema. "Apige moto sehemu tatu tu, hiyo stendi haisogei mpaka kiama. Keshokutwa tunapita kwake njiani."

"Naam, tusimsumbue zaidi mkwe wangu," mama alisema kwa upole. "Amejitahidi."

Amejitahidi. Neno hilo huandikwa kwenye ripoti za watoto wanaorudia darasa. Fundi alilisikia likishuka hadi kwenye soksi.

Watu wakaingia ndani kunywa chai. Yeye akabaki uani, akaweka bisibisi chini, jambo ambalo hakulizoea, akafanya kile ambacho angemwambia mwanafunzi wake yeyote afanye siku ya kwanza: kabla ya kutengeneza kitu, hakikisha kimeharibika.

Aliinua stendi nzima, akaiinamisha mpaka darubini ikaelekea tangi la maji juu ya paa la jirani. Tangi likaonekana kubwa, jeusi, kichwa chini miguu juu. Kosa hilo la kupindua vitu alikuwa ameshalishughulikia wiki iliyopita. Alifungua lenzi zote, akazigeuza, akazirudisha, akapata giza tupu. Ndipo akakubali kwamba darubini ilitengenezwa hivyo kwa makusudi, ingawa hakuelewa aliyekusudia alikuwa na ugomvi gani na watu. Akaliweka tangi katikati ya kioo, akaingia kunywa chai yake bila haraka, akaongeza kikombe cha pili, akasikiliza habari ndefu ya shemeji kuhusu jeneza na ngazi nyembamba, akatoka.

Tangi lilikuwa palepale. Katikati. Hata njiwa aliyekaa juu yake alikuwa angali ananing'inia kama popo.

Fundi akaitikisa miguu ya stendi. Akaondoka, akarudi. Tangi halikusogea hata unywele.

Akaelekeza kwenye mwezi. Kabla hajamaliza kujikuna, mwezi umeteleza.

Jua lilipozama, Zuhura ilitokeza upande wa magharibi, ile nyota kali ya jioni ambayo, kama alivyosikia redioni, kumbe si nyota bali ni sayari. Akaipata. Nayo ikateleza. Akatafuta nyota ndogo isiyo na jina mahali pengine kabisa. Ikateleza. Zote kwa upande uleule, zote kwa mwendo uleule, kama zimeambizana.

Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akawaza kama fundi wa saa. Ukutani kwake karakanani zilining'inia saa nyingi za wateja. Siku moja zote zilionekana zimechelewa, tena kwa kiasi kilekile, na alizifungua nne kabla ya kukumbuka kuichunguza ya mkononi mwake, ambayo ndiyo iliyokuwa mbele. Saa za watu kumi haziwezi kukosea sawasawa. Ukiona zote zimekosea, wa kuchunguzwa ni wewe.

Mbingu nzima ilikuwa inateleza sawasawa.

Dunia huzunguka katika mhimili wake. Aliukumbuka wimbo huo. Darasa zima liliuimba, mwalimu akipigia mdundo kwa rula, na kwa huo yeye alipata alama zote kwenye mtihani. Aliamini? Aliamini kama mtu anavyoamini urefu wa mto wa nchi asiyoijua. Hakuna aliyemwambia kwamba ni kweli. Yaani kweli ya hapa, uani, na kamba ya nguo na ndoo vikiwemo, vyote vikibingirika kwenda mashariki bila mtu kuulizwa. Fundi akajikuta ameshika ukuta.

Kisha likamjia jambo baya zaidi: itabidi aseme.

Aliwaita wote uani. Akaeleza tangi, akaeleza njiwa, akaeleza saa. Alieleza polepole, kila hatua mahali pake, kama anavyopanga vipuri juu ya gazeti.

"Ngoja nielewe," shemeji alisema. "Stendi ni nzima."

"Nzima."

"Kinachosogea ni dunia."

"Ndiyo."

"Dada, umesikia? Mumeo ameshindwa skrubu, kesi ameibebesha dunia!" Shemeji alishika magoti kwa kicheko. "Nimesikia mafundi wakisingizia umeme. Nimesikia wakisingizia vipuri feki. Lakini dunia, shem! Hapo umetupita wote!"

"Basi mlete mteja wako mmoja atoe ushahidi," mke wa fundi alimjibu kaka yake. "Wao ndio wako karibu nayo."

Fundi hakucheka. Alikuwa anamtazama mama mkwe, akisubiri ahsante. Alikuwa ameshajiandaa kuipokea.

Mama alisogeza kigoda chake, akajifunga kanga kiunoni, akaweka jicho kwenye darubini. Fundi akainua stendi nzima, akamwekea mwezi katikati.

"Oo," mama alisema.

Shemeji akasogea karibu.

"Una mashimo. Una... kile ni kivuli cha mlima? Mkwe wangu, mbona umesimama kichwa chini?"

"Mwezi hauna juu wala chini, mama."

"Haya." Akaendelea kuchungulia. Miaka yote ile ya kupangusa vumbi ilikuwa inalipwa kwenye jicho moja. Halafu mabega yake yakashtuka. "Unaondoka! Unaenda!"

"Ufuate, mama. Sukuma taratibu uende nao."

Mama akasukuma. Darubini haikusogea. Akasukuma kwa mikono miwili. Miguu mitatu ya stendi ikainuka kidogo kutoka chini pamoja na udongo wake, lakini shingo haikugeuka hata kidogo. Fundi akaitazama shingo. Zile skrubu. Mizunguko yote ile ya mwisho, jioni baada ya jioni, ilikuwa imeizuia shingo isifanye kitu pekee ilichotakiwa kufanya: kugeuka.

"Wewe!" mama akafoka, jicho likiwa bado kwenye kioo. "Umekaza hivi ulikuwa unafunga ng'ombe? Legeza! Legeza upesi, unaniponyoka! Mtoto gani mzito wewe, bisibisi unaitafuta wapi, si iko mfukoni mwako! Kichwa kama ndoo!"

Mke wa fundi akaweka kiganja mdomoni. Shemeji akageuka kumtazama dada yake kuhakikisha amesikia sawa. Fundi alipiga magoti kwenye udongo akilegeza skrubu ya tatu, na kama kungekuwa na mwanga wa kutosha wangeona amefurahi kama mjinga.

Shingo ikalegea. Mama akaupata mwezi, akaufuata kwa kidole kimoja, taratibu, ukabaki naye. Aliufuata hadi mkono ukachoka, akabadilisha mkono, akaendelea.

"Sasa mimi nitasukuma mpaka lini?" aliuliza hatimaye. "Tafuta kitu kisukume chenyewe. Si fundi wewe?"

"Saa ya ukutani, mama. Naweza kuifunga injini yake hapa."

"Basi fanya. Na wewe," alimgeukia mwanawe, "keshokutwa usije. Siendi popote na kitu nusu nusu."

Baada ya chakula fundi alifungua saa moja iliyokufa juu ya meza ya jikoni. Aligundua mapema tatizo lake: mshale wa saa huzunguka mara mbili kwa siku, na dunia, kwa uvivu wake, huzunguka mara moja tu. Alihitaji gurudumu lenye meno maradufu, na hakuwa nalo. Labda kwenye ile mizani kuukuu karakanani, ya muuza mchele ambaye hakurudi kuichukua. Alipima gurudumu moja alilokuwa nalo, akapima jingine. Halikuingia.

"Wewe, zima taa ulale!" sauti ilitoka chumba cha pili. "Kesho ipo. Dunia haikimbii!"

Fundi akavitia vigurudumu ndani ya kifuniko cha chupa, akakifunika kwa kikombe ili mende asiondoke navyo, akaiacha saa wazi mezani, tumbo nje.