Gramu Mia za Mofleta

...gramu mia, gramu mia tu jamani, mayai mawili ya kuku, hayo ndiyo yaliyosimama kati yangu na kesho, na mzani wa majaribio hapa mlangoni hauna aibu, nimeupanda mara tatu, mara tatu umesema kilo hamsini na saba na gramu mia, nimevua soksi, nimevua kila kitu, nimetema mate kwenye chupa mpaka ulimi umekauka, na mle ndani kuna mzani wenyewe, wa kupandwa mara moja tu, ukizidi umetolewa, kwaheri judo, kwaheri mashindano yangu ya kwanza ya kimataifa, saa mbili kamili wanafunga mlango na mbele yangu wapo watatu, wote tumejifunga taulo kama tuko hamamu... "Yiska, jasho linatoka?" huyo ni Hedva, kocha wangu, yuko upande wa pili wa kamba, "ruka basi, usisimame kama nguzo!" naruka, Hedva, naruka, laiti ungejua, nilikwambia jana nilikula tango, tango gani, mwongo mkubwa mimi, juma zima la Pasaka yetu ya Kiyahudi nyumba haina mkate na mimi nacheka kimoyomoyo, sikukuu inanikondesha bure, jana jioni nilikuwa hamsini na sita na nusu, safi kabisa, halafu Pasaka ikatoka, Mimuna ikaingia, usiku wa kurudia unga, na Mimuna kwetu Ofakim, kwa sisi Wayahudi tuliotoka Moroko, milango yote iko wazi, mtaa mzima unaingia kwa mtaa mzima, ukikataa kula umemtukana mwenye nyumba pamoja na mama aliyemzaa... nilisema namsalimu bibi tu, dakika tano, nasimama mlangoni, haya, nani aliwahi kusimama mlangoni kwa bibi Freha, mofleta zinatoka kikaangoni moja juu ya nyingine, chapati nyembamba, laini, siagi inayeyuka, asali inateremka mpaka kwenye kiwiko, "kula, roho yangu, utapigana na mataifa kwa kitu gani, kwa mifupa?" "bibi, kesho jioni napimwa," "nimekuwekea mkono kichwani nikakubariki, mzani gani huo utakaonipinga mimi?" nikala moja kwa heshima, ya pili kwa ajili ya marehemu babu, ya tatu akaja nayo jirani, Zohra, ungemfanyaje Zohra... saba, nilikula saba, Mungu anisamehe, na ile ya saba hakuna aliyenilazimisha, niliichukua kwa mkono wangu huu wakati bibi amegeuka... foleni imeganda, Nomin wa Mongolia aliye mbele yangu anageuka, kichwa amekinyoa, anatazama mzani, ananitazama mimi, anaushika msuko wangu, anaupima mkononi kama muuza nyama, halafu ananionyesha vidole viwili, kata, kata, wee! koma kabisa, msuko huu unafika kiunoni, bibi anaupaka mafuta kila Ijumaa kabla ya kuwasha mishumaa ya Sabato, tangu nina miaka minne, anasema ni nywele za mama yake, na kesho anakuja, anakuja na majirani wote wa jengo lao, Zohra na ngoma yake, wamejiandaa kupiga vigelegele, nitamtazamaje... lakini ngoja, vigelegele watampigia nani kama mlango ule utanikataa, watakipigia kiti kitupu?... na jana alisema kitu, alikuwa anageuza mofleta, alisema kama mtu anayeomba chumvi, "mimi kule Meknes wavulana wote niliwaacha nyuma kwa mbio, baba akasema binti hakimbii, nikaacha," na mimi nilikuwa natafuna, natafuna tu, nikasema asali ni tamu, sikumsikia, bibi yangu, nimekusikia sasa hivi hapa kwenye foleni nikiwa na taulo... "nikaacha," basi, akageuza nyingine... hapana, bibi huyu mkasi angeushika mwenyewe, angelia, angenitukana, angekata... "Hedva!" "Ruka!" "Hedva, nilikula mofleta," "Nini?" "Saba," ananitazama, midomo inamtetemeka, sijui ni hasira au ni kicheko, "Saba! Za Freha?" "Sita. Moja ya Zohra," "Na mimi hukuniletea hata moja, mwizi we!" wanageuka wote, Nomin anacheka bila kuelewa, nami nacheka, Mungu wangu, nacheka mpaka tumbo linauma na labda kicheko nacho kina uzito wake kikitoka, "Hedva, una mkasi wa plasta?" haulizi wa nini, tayari mkono umezama kwenye mkoba, anaujua msuko wangu huyu, mara ngapi amenifungia, "Una hakika?" "Sina," nainama chini ya kamba, watatu bado wako mbele yangu, hakuna aliyesogea hata hatua, "kata karibu na shingo, usinionee huruma," shingo inahisi ubaridi wa chuma, moyo unadunda kwa furaha, ni furaha hii, sina jina lingine, msuko nitampelekea bibi mwenyewe, alie nao akitaka, halafu akae mstari wa mbele kabisa anione sikuacha.