Foleni ya Dirisha la Mkate

Nikutegee kimoja: kina miguu mia, kila siku kinasogea, na hakifiki. Ukishindwa usinipe mji, nitauweka wapi na magoti haya? Wewe sikiliza tu.

Fundi cherehani mmoja alifika uwanja wa ndege saa nne asubuhi, na begi la nguo za kichanga na chupa ya uji. Bintiye alikuwa karibu kujifungua, huko ng'ambo. Fundi mwenyewe ana sukari, na kidonge chake hakimezwi tumbo tupu. Ndege aliyokatiwa tiketi haigawi hata biskuti.

Mkaguzi akaitikisa ile chupa.

"Uji ni maji, mama. Hauingii."

"Wangu unasimamisha kijiko, mwanangu."

"Kanuni haijui kijiko."

Uji ukamwagwa. Sindano aliyoichomeka kwenye kola hakuna aliyeiulizia.

Ndani kulikuwa na mikahawa sita ya vioo. Mkate na yai pale ni bei ya kushona gauni zima, na mikono yake. Chakula cha bei ya watu kilikuwa kwenye kidirisha kimoja nyuma ya vyoo, foleni imezunguka nguzo mbili. Akajipanga.

Baada ya saa mbili alimfikia mumewe. Marehemu huyo, seremala enzi za uhai wake, alikuwa amesimama wa tatu kutoka dirishani, na shati la bluu alilomshonea mwenyewe. Fundi aliona kwanza kwamba kifungo kimoja kimekatika.

"Huyo ni mwenyeji wetu," alisema mfagiaji. "Mwaka wa tisa huu. Kila mwenye haraka anamwomba ampishe, naye anapisha."

"Ndivyo alivyo," alisema fundi. "Hata kitandani nilikuwa nalala katikati."

Miaka tisa nyuma mumewe alianguka hapo hapo, akisafiri kwenda kutafuta kazi. Walipiga simu nyumbani wakasema sukari ilishuka. Nyumbani wakamzika. Kumbe baada ya mazishi alirudi kwenye nafasi yake.

"Baba watoto," fundi akamuuliza, "siku ile ulikula?"

Ndiyo meseji ya mwisho fundi aliyomtumia. Macho ya mume yalikuwa dirishani, kwa muuzaji anayehesabu mikate. Fundi akachomoa sindano, akavuta uzi kwenye pindo la gauni lake, akamshonea kifungo alichokikata kwenye gauni hilo hilo. Watu wakawapita pembeni, mmoja mmoja, kila mmoja na ndege yake.

Kipaza sauti kikaita ndege ya fundi, mara ya mwisho. Mume akasogea kando, akamwonyesha mbele kwa kidevu. Fundi akafika dirishani.

"Mkate na yai, mwanangu."

"Umekwisha. Zamu ijayo."

"Zamu ijayo saa ngapi?"

"Ikija."

Pazia likashushwa. Kwenye mkahawa wa jirani mikate ilikuwa imepangwa hadi darini, mingine imeanza kukauka.

Fundi akakifunga kidonge kwenye ncha ya kitambaa. Akamrudisha mumewe kwenye nafasi yake, akamnyoosha kola, akabeba begi.

"Nimekuuliza, baba watoto. Ulikula?"

Safari hii akageuka.

"Bado, mke wangu," akasema. "Lakini leo tumesogea."