Taya la Khanun

Khanun, kijibwa cha mama yangu, aliuma shingo ya kuku wa kuchoma tukasikia kitu kikivunjika. Tukadhani ni mfupa wa kuku. Kumbe ni taya lake mwenyewe.

Mdomo ulimning'inia upande, mate yenye damu yakimchuruzika, wala hakulia. Alitukodolea macho tu.

Mama yangu, Samruai, muuza tambi hapa mjini Lampang, ndiye aliyejifanya daktari wake. Kila fizi za Khanun zilipovuja damu na kinywa kunuka, alikwenda duka la dawa akaomba "zile nyekundu-nyeusi", kapsuli za kuua vijidudu, akafungua moja, akamchanganyia unga wake na ini. Siku chache tu, harufu imekata. Daktari wa mifugo alipomshauri kwamba mbwa alazwe usingizi kwa dawa ili asafishwe meno, mama alicheka huku kaziba mdomo kwa mkono, mtindo wake wa siku hizi.

"Umlaze usingizi asiamke? Dawa yangu haijanitupa hata mara moja, mwanangu."

Sikio la kufa halisikii dawa, husema watu. La mama lilisikia dawa peke yake.

Sasa daktari yule yule, Wiphada, alikuwa akituonyesha picha ya eksirei.

"Mama, hapa palitakiwa pawe na mfupa. Umeliwa na ugonjwa wa fizi."

"Lakini harufu ilikuwa inaisha!"

"Inaisha, ndiyo. Ukoga si umebaki chini ya fizi? Dawa inapunguza wadudu, wanazaliana tena humo humo. Bila kusafisha, unanyamazisha harufu tu."

"Atapona?"

"Nitalifunga taya, na meno mengi nitayang'oa. Ila mfupa mwembamba hivi, siwezi kukuahidi kwamba utaunga."

Nilishikwa na hasira. Nilitaka kumwambia mama, ona sasa, ubishi wako umemvunja taya mtoto wa watu. Nikamgeukia. Alikuwa ameduwaa mbele ya ile picha, kiganja shavuni, rangi imemtoka.

"Daktari," akasema taratibu, "hizo nyekundu-nyeusi tulikuwa tunagawana."

"Mnagawana na nani, mama?"

Mama aliondoa mkono shavuni, akafungua kinywa mbele yetu. Fizi zilikuwa zimevimba, nyekundu kama za Khanun. Akalisukuma jino la mbele kwa ncha ya ulimi, nalo likalala nje, kisha likarudi polepole mahali pake.